Masala Yakishashuka Tumboni

Karibu na meza ya malipo ya mikahawa mingi ya India pana kibakuli cha shamari, mara nyingine zimepakwa sukari ya rangirangi. Mteja aliyeshiba huchota kidogo, hutafuna, hulipa, huenda zake. Usiku akiamka kifua kinawaka moto, daktari atamwambia asubuhi apunguze viungo. Mlo ni mmoja, na tayari viungo vimekuwa dawa na vimekuwa ugonjwa. Bibi wa Gujarat humchemshia ajwaini mjukuu anayelia tumbo. Mwanawe aliyehamia mjini anatembea na vidonge vya kupunguza asidi mfukoni, na anaapa kuwa masala ndiyo yaliyomharibu.

Wote wawili wana hoja. Viungo vya jiko la Kihindi vinafanya kazi kweli tumboni, tena kwa vipimo vidogo vidogo vya kijiko. Ila ukiyachambua madai moja baada ya jingine, unakuta kwamba sehemu kubwa ya lawama vinazobebeshwa viungo, na sehemu kubwa ya sifa pia, ni za wenzao wa chunguni: mafuta, mbegu za jamii ya kunde, vitunguu, na saa ya kula.

Kazi yenyewe huanzia puani. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwa mbwa wake kwamba tumbo huanza kutoa majimaji ya kumeng'enyea kabla chakula hakijalifikia, kwa harufu na ladha peke yake. Sasa fikiria kinachofanyika kwenye tadka. Samli inapashwa moto hadi ikolee, zinatupwa mbegu za haradali zikaanza kurukaruka, zinafuata jira, pilipili kavu na chembe ya mvuje, kisha vyote vinamiminwa juu ya dali iliyoiva. Nyumba nzima inajua chakula kimekuwa tayari, na mate yamekwisha kujaa vinywani. Kuna sababu ya kikemia ya kuanza na mafuta: viini vikuu vya viungo hivi, yaani kapsaisini ya pilipili, piperini ya pilipili manga, kurkumini ya manjano na thimoli ya ajwaini, huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Anayetia manjano kwenye maji matupu anaacha sehemu kubwa ya kiini bila kuyeyuka.

Chakula kikishamezwa, ushahidi mwingi wa kinachofuata umetoka mji mmoja wa kusini mwa India. Taasisi kuu ya utafiti wa teknolojia ya chakula iliyoanzishwa Mysore mwaka 1950 iliwapa nafasi watafiti K. Srinivasan na Kalpana Platel kushughulikia viungo kwa miaka mingi. Waliwalisha panya jira, tangawizi, uwatu, ajwaini, kurkumini, kapsaisini, piperini na vingine, kisha wakapima kilichotoka kwenye ini na kongosho. Picha waliyoipata inafanana katika tafiti zao: viungo vingi huongeza nyongo au asidi zake, vingi huchangamsha vimeng'enya vya kongosho vinavyovunja mafuta, wanga na protini, na kadhaa hufupisha muda wa chakula kusafiri tumboni. Kwa lugha nyepesi, kiungo hakimeng'enyi chochote chenyewe. Kinauchokoza mwili utoe vitendea kazi vyake.

Panya si watu, na hilo halipaswi kupitwa haraka. Lakini ugunduzi huu unakaa vizuri na kile ambacho waganga wa Ayurveda wamekuwa wakikisema tangu kale kwa lugha ya moto wa tumbo, ule wanaouita agni, wakiuwasha kwa mchanganyiko wa tangawizi, pilipili manga na pilipili ndefu uitwao trikatu. Walikosea mengi kuhusu mwili, ila walikuwa wachunguzi wazuri wa mtu aliyekula akavimbiwa.

Hakuna mahali ambapo sifa na kazi huchanganyika kama kwenye bakuli la dali. Mamilioni ya Wahindi hawali nyama, na protini yao hutoka kwenye mbaazi, choroko, adesi, dengu na maharagwe. Mbegu hizi zina sukari kama rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Sukari hizo hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzishambulia na kuzalisha haidrojeni, kaboni dioksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Matokeo yake kila mla maharagwe anayajua.

Hapo huitwa mvuje. Watu wa Pwani ya Afrika Mashariki wanaujua kwa harufu, wengi wao kama kitu cha kuwakinga watoto wachanga; India makazi yake ni jikoni. Ni utomvu mkavu wa mizizi ya mmea wa nyanda kavu za Afghanistan, Iran na Uzbekistan, na harufu yake kali inatokana na viini vyenye salfa, ndugu wa vile vya kitunguu saumu. Kwa Wajaini na baadhi ya Wabrahmini, ambao dini au desturi inawakataza vitunguu, mvuje uliokaangwa kwenye samli ndio unaoleta ladha hiyo. India, inayoutumia kuliko nchi nyingine yoyote, imekuwa ikiuagiza kutoka nje karne na karne. Ni Oktoba 2020 tu ambapo wanasayansi wa taasisi ya Palampur waliupanda katika bonde baridi la Lahaul, jimbo la Himachal Pradesh, kwa matumaini ya kupunguza gharama hiyo.

Je, unazuia gesi? Tafiti za maabara juu ya utumbo wa wanyama zinaonyesha kwamba mvuje hulegeza misuli laini ya utumbo iliyojikaza. Hilo ni jambo tofauti na kuzuia gesi isitengenezwe. Gesi inaweza kuzalishwa kiasi kilekile, lakini ikapita bila kukwama na bila kuleta msokoto. Mlaji anaona nafuu na anamshukuru mvuje, na hana makosa. Tatizo ni kwamba kuna mwingine asiyeshukuriwa: maji. Sukari zile huyeyuka kwenye maji, na mama wa Punjab anayeloweka maharagwe usiku kucha kisha akamwaga maji asubuhi amekwisha kuondoa sehemu ya tatizo kabla hajagusa kopo la viungo. Kusini mwa nchi wanakwenda mbali zaidi. Mchele na mbegu za uradi huloanishwa, husagwa, mara nyingi pamoja na punje chache za uwatu, na rojo lake huachwa lichachuke usiku ili asubuhi lipikwe idli na dosa. Vijidudu vinavyochachusha huzila sukari hizo mapema, ndani ya sufuria badala ya ndani ya utumbo. Idli haina masala karibu yoyote, na hospitalini India ni miongoni mwa vyakula vya kwanza kuruhusiwa mgonjwa.

Tahadhari moja ya dukani: mvuje unaouzwa kwa matumizi ya nyumbani kwa kawaida umechanganywa na gundi na unga, mara nyingi wa ngano. Mtu ambaye utumbo wake hauvumilii gluteni anaweza kujilaumu kwa dali ambayo haina kosa.

Mshtakiwa mkuu, hata hivyo, ni pilipili. Ajabu ni kwamba India iliishi bila hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyoishi nayo. Vasco da Gama alipofika Calicut mwaka 1498, baada ya kupitia Mombasa na Malindi, ukali wa chakula cha Kihindi ulitoka kwenye pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi. Pilipili nyekundu ni mzaliwa wa Amerika, na ilikuja na Wareno katika karne iliyofuata, ikaanza na maeneo kama Goa kabla ya kuenea bara zima. Leo Guntur, katika Andhra Pradesh, ni moja ya masoko makubwa kabisa ya pilipili duniani. Tena rangi hudanganya: pilipili ya Kashmir na ile ya Byadgi huufanya mchuzi uwe mwekundu wa kutisha bila kuuunguza ulimi.

Namna inavyowaka ilieleweka mwaka 1997, pale David Julius na wenzake wa California walipoitambua protini inayopokea kapsaisini kwenye ncha za neva, iitwayo TRPV1. Protini hiyohiyo ndiyo inayopokea joto linaloumiza, na kazi hiyo ilimpatia Julius nusu ya tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Maana yake ni kwamba pilipili haichomi nyama ya tumbo. Inaibonyeza kengele ya moto mahali pasipo na moto. Kengele hizo zimetandazwa tangu mdomoni hadi njia ya kutokea, na ndiyo maana aliyekula mchuzi mkali wa vindaloo jana anaweza kukumbushwa chooni leo. Ndiyo maana pia maji hayasaidii: kapsaisini haiyeyuki humo, ilhali mafuta na protini ya maziwa huibeba. Kikombe cha mtindi kinachowekwa kando ya biriani kina kazi yake.

Imani kwamba pilipili huleta vidonda vya tumbo ilitawala hospitali kwa vizazi. Mwaka 1984 mambo mawili yalitokea. Nchini Australia, Barry Marshall alikunywa bakteria wa *Helicobacter pylori*, akaugua uvimbe wa tumbo, na hatimaye yeye na Robin Warren wakapata Nobel ya mwaka 2005 kwa kuonyesha chanzo kikuu cha vidonda. Mwaka huohuo madaktari wa Delhi walichapisha jaribio ambalo halikupata umaarufu lakini linawahusu Wahindi moja kwa moja. Wagonjwa 50 wenye vidonda vya duodeni walitibiwa kwa dawa za kutuliza asidi. Nusu yao wakaongezewa gramu 3 za pilipili nyekundu ya unga kwa siku. Baada ya wiki nne vidonda vilikuwa vimepona kwa zaidi ya asilimia 80 katika makundi yote mawili. Miaka minne baadaye, David Graham na wenzake wa Houston walitazama kwa kamera matumbo ya watu 12 waliojitolea, baada ya kuwapa milo tofauti. Mlo wenye pilipili haukuacha jeraha. Mlo usio na pilipili uliofuatana na aspirini ndio uliochubua tumbo.

Huko Singapore utafiti wa mwaka 1995 ulikuta hata kwamba Wachina wenye vidonda walikuwa wakila pilipili kidogo kuliko wasio na vidonda, na watafiti wakajiuliza kama pilipili hukinga. Pengine. Lakini mtu mwenye kidonda huacha pilipili kwa sababu inamuuma, na hapo kinachoonekana kuwa kinga huenda ni woga tu. India yenyewe watu wazima wengi wanabeba *H. pylori*, wapende pilipili wasipende.

Kuiondolea pilipili shtaka la vidonda si kuifutia yote. Inauma palipokwisha kuharibika. Wagonjwa wa mchaniko wa njia ya haja kubwa waliochunguzwa India walipata maumivu makali zaidi walipopewa pilipili kuliko walipopewa vidonge vitupu. Wenye utumbo wenye hisia kali, wale wanaohara na kuumwa tumbo bila ugonjwa kuonekana kwenye vipimo, pia husononeka baada ya mlo mkali. Halafu kuna kitendawili cha Bologna: mwaka 2002 Mauro Bortolotti na wenzake waliwapa wagonjwa 30 wenye tumbo linalouma bila kidonda gramu 2.5 za pilipili kwa siku, au vidonge visivyo na kitu. Mwanzoni waliopewa pilipili waliumwa zaidi. Baada ya wiki kadhaa dalili zao zilipungua kuliko za wenzao. Neva zilizobonyezwa kila siku hupunguza kelele. Hiyo inaeleza kwa nini mkulima wa Guntur anakula bila kufikiri kile kinachomfanya mgeni wa Delhi atafute choo, na kwa nini ushauri mmoja kwa wagonjwa wote hauna maana.

Manjano yana hadithi nyingine, ya hesabu. Kurkumini ni takribani asilimia 3 ya unga wa manjano. Kijiko kimoja cha chai cha unga, kama gramu 3, kina miligramu 90 hivi; chungu kikiliwa na watu watano, kila mmoja anapata chini kidogo ya 20. Ni kiasi cha kudharaulika ukikilinganisha na vidonge vya duka la dawa. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Indonesia walitumia miligramu 20 za kurkumini kwa watu wenye afya na wakaona kwa mashine ya mawimbi kwamba kifuko cha nyongo kilijikaza. Kwa hiyo kipimo cha jikoni kinatosha kukifanya kifuko kimwage nyongo, na nyongo ndiyo inayokatakata mafuta ya samli ile. Kwa mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo, mkazo huohuo ni jambo la kuogopwa, ingawa mafuta yenyewe hukaza zaidi.

Wajapani nao waliwalisha watu wachache kari yenye manjano na kari isiyo na manjano, wakapima haidrojeni katika pumzi zao. Yenye manjano ilipita haraka zaidi kwenye utumbo mwembamba, na haidrojeni ikaongezeka. Wanga zaidi ulikuwa umefika kwa bakteria wa utumbo mpana kabla haujafyonzwa wote. Hapa kiungo kinachosifiwa kwa kutuliza tumbo kinaongeza uchachukaji, jambo ambalo laweza kuwa zuri kwa bakteria na la aibu kwa mwenye tumbo. Thailand walikuja na jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2023: gramu 2 za kurkumini kwa siku zilituliza tumbo linalouma bila kidonda kwa kiwango kinachokaribiana na dawa ya omeprazoli. Matokeo ya kuheshimika, lakini gramu 2 ni vyungu vingi vya mchuzi.

Tangawizi ndiyo yenye ushahidi mnyoofu. Katika jaribio la Taiwan la mwaka 2008, watu 24 wenye afya waliomeza gramu 1.2 za tangawizi kabla ya kula, nusu ya mlo ilitoka tumboni kwa dakika 13 hivi badala ya 27. Mdalasini unaweza kwenda kinyume: Wasweden wa Malmö waliopewa gramu 6 juu ya uji wa mchele wa maziwa walikaa na chakula tumboni kwa muda mrefu zaidi. Gramu 6 ni nyingi mno, hakuna pilau inayompa mtu mmoja kiasi hicho. Jira, shamari na ajwaini zinasifiwa kuliko zilivyochunguzwa kwa binadamu, ingawa thimoli ya ajwaini ni kiini kinachofahamika vizuri kwa kuua vijidudu na mafuta ya shamari yamefanyiwa majaribio kwa watoto wenye msokoto wa tumbo.

Basi yule aliyeamka usiku kifua kinawaka alikula nini? Mara nyingi alikula mchuzi wa mkahawa wa mtindo wa India ya kaskazini: vitunguu vingi vilivyokaangwa, kitunguu saumu, nyanya, krimu au siagi, na tabaka la mafuta linaloelea juu. Mafuta yakifika utumbo mwembamba, homoni hutolewa zinazolichelewesha tumbo kumwaga chakula na kuilegeza valvu ya chini ya umio. Familia nyingi za mijini India hula saa tatu au saa nne usiku, kisha hulala. Asidi inapanda kwenye mlango uliolegea, na inapofika inakuta pilipili imekwisha kuziamsha neva. Pilipili imeshiriki, lakini mlango ulifunguliwa na siagi.

Vitunguu vina kesi yao. Vina fruktani, wanga mwingine usiomeng'enywa, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne wameuweka kati ya vichochezi vikuu vya gesi kwa wenye utumbo wenye hisia kali. Linganisha na rogan josh, nyama ya mchuzi ya Mapandit wa Kashmir, inayopikwa bila kitunguu cha aina yoyote, kwa unga wa shamari, tangawizi kavu, mvuje na mtindi. Viungo ni vingi, rangi ni nyekundu, na bado mgonjwa wa namna hiyo huenda akaivumilia kuliko supu nyeupe ya vitunguu isiyo na masala hata chembe. Daktari anayeandika "usile viungo" na kuishia hapo amemwachia mgonjwa wake vitunguu na samli.

Kuna pia nadharia maarufu kwamba nchi za joto hutia viungo vingi ili kuua vijidudu kwenye chakula. Ilitolewa na Jennifer Billing na Paul Sherman wa Cornell mwaka 1998, na inapendeza kuisimulia. Mwaka 2021 watafiti wengine walipitia mapishi 33,750 kutoka tamaduni 70 za upishi na hawakupata uthibitisho wake. Ukweli wa sokoni unakaribia kuwa kinyume: Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilieleza mwaka 2013 kwamba karibu asilimia 7 ya shehena za viungo zilizoingia nchini humo zilikuwa na salmonela. Kukaanga kwenye mafuta ya moto huviua vijidudu hivyo. Unga unaonyunyiziwa juu ya matunda kando ya barabara haupiti motoni. Bangladesh tatizo lilikuwa baya zaidi. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2019 kwamba manjano yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi ili yang'ae, sumu ambayo miongoni mwa madhara yake ni msokoto wa tumbo na kufunga choo. Serikali ilipoanza kupima na kutoza faini, sampuli zenye risasi sokoni zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021.

Na kuna kuhama kwa kiungo kutoka chunguni kwenda kwenye kidonge. Mwili haufyonzi kurkumini kwa urahisi, ila mwaka 1998 watafiti wa Bangalore walionyesha kwamba miligramu 20 za piperini huongeza ufyonzwaji wake kwa asilimia 2,000. Watengenezaji wa vidonge wakaichukua namba hiyo na kuipeleka sokoni, wakijaza ndani ya kidonge kimoja kurkumini ya vyungu vingi pamoja na ufunguo wa kuiingiza kwenye damu. Mwaka 2022 wizara ya afya ya Italia, baada ya kukusanya visa vya watu waliovimba ini, iliagiza onyo liwekwe kwenye bidhaa hizo. Mtandao wa Marekani unaofuatilia ini linaloharibiwa na dawa umeripoti wagonjwa 10 waliotumia vidonge vya manjano. Watano walilazwa, mmoja akafariki, na saba walikuwa na aina moja ya jeni ya kinga inayowafanya wawe rahisi kudhurika.